Maswali ya Wasomaji: Kaunti ya Coahoma na Watu Wake Mashuhuri

Safari hii nafasi yote ya safu yetu tumeipa kaunti moja tu ya Marekani, kwa sababu barua kadhaa zilizotufikia, ingawa zimetoka kwa wasomaji wasiofahamiana, zinauliza habari za mahali hapo hapo. Tumezipanga kwa namna ambayo jibu moja litalifungulia mlango jingine.

Swali: *Ndugu Mhariri, salaam. Katika mazungumzo yetu sisi wapenzi wa muziki wa zamani, husikika kila mara kwamba Sam Cooke, Ike Turner na Muddy Waters wote ni watu wa kaunti moja ya jimbo la Mississippi iitwayo Coahoma. Je, ni kweli au ni chumvi tu? Na kama ni kweli, kaunti hiyo ina kitu gani ambacho nyingine hazina? (Msomaji, Tanga)*

Jibu: Ni kweli, ila kwa kiasi. Sam Cooke alizaliwa tarehe 22 Januari 1931 katika mji wa Clarksdale, ambao ndio makao makuu ya kaunti hiyo, na Ike Turner akazaliwa katika mji huo huo tarehe 5 Novemba mwaka ule ule. Muddy Waters, ambaye jina lake la kuzaliwa ni McKinley Morganfield, yeye alizaliwa kusini zaidi, nje kabisa ya Coahoma. Alipofiwa na mama yake angali mchanga alichukuliwa na bibi yake, naye ndiye aliyemlea katika shamba la pamba la Stovall, nje kidogo ya Clarksdale. Kwa hiyo kaunti inamdai Cooke kwa kuzaliwa tu, maana wazazi wake walimhamishia Chicago mwaka 1933 kabla hajajua hata kuimba; inamdai Waters kwa malezi; na kati ya hao watatu ni Turner peke yake ambaye inaweza kumdai kwa yote mawili. Katika orodha yoyote ya watu mashuhuri wa mahali fulani, inafaa msomaji aulize kwanza mtu huyo alikaa hapo kwa muda gani na alitoka na nini.

Kuhusu upekee wa kaunti, mwanzo wa jambo ni ardhi. Coahoma iko kando ya mto Mississippi, upande wa kaskazini-magharibi wa jimbo, katika uwanda wanaouita Delta, ingawa bahari iko mbali sana na hapo. Ni nchi tambarare iliyo kati ya mto huo na mto Yazoo, ambako mafuriko ya karne nyingi yaliacha udongo mweusi wenye rutuba isiyo ya kawaida. Wachoctaw, wenyeji wa nchi hiyo, walilazimishwa kuiachia serikali ya Marekani kwa mkataba wa mwaka 1830, na kaunti ikaundwa mwaka 1836. Misitu ikafyekwa, kwanza kwa mikono ya watumwa na baadaye kwa mikono ya wajukuu wao, na pamba ikapandwa kila mahali.

Utumwa ulipokomeshwa, ulifuata mfumo wa kugawana mavuno. Mwenye shamba alitoa ardhi, mbegu, nyumbu na chakula cha mkopo kutoka katika duka la shamba. Mkulima alitoa nguvu zake, za mkewe na za watoto wake. Mwisho wa msimu mwenye shamba alifungua daftari lake, akapiga hesabu peke yake, na aghalabu mkulima aliambiwa kwamba bado anadaiwa. Mfumo huo ulihitaji watu wengi mno, ndiyo sababu kufikia mwaka 1940 zaidi ya robo tatu ya wakazi wa Coahoma walikuwa watu weusi, wengi wao wakiishi katika vibanda vya mbao mashambani na kumiminika Clarksdale siku ya Jumamosi. Mji huo ulikuwa na reli, ulikuwa na barabara kuu namba 61 na namba 49, na ulikuwa na mtaa wa weusi ambako vinyozi, wapiga gitaa, wahubiri na wauza samaki waligombea masikio ya watu wale wale wenye senti chache mfukoni. Mwanamuziki aliyeweza kuwasimamisha watu hao alikuwa tayari amefuzu mtihani mgumu.

Mfano ni Son House, aliyezaliwa karibu na kijiji cha Lyon mwaka 1902. Alianza kuhubiri akiwa kijana na alikuwa mtu mzima alipoanza kupiga gitaa, na sauti ya mimbari haikumtoka hata alipoimba mambo ambayo kanisa lake liliyaita dhambi. Muddy Waters alimtazama kwa karibu na kujifunza kwake namna ya kuteleza kwenye nyuzi kwa shingo ya chupa. Kabla yao, mwaka 1903, W. C. Handy, mpiga tarumbeta mwenye elimu ya muziki kutoka Alabama, alikuwa amekuja Clarksdale kuongoza bendi, na nyimbo alizozisikia katika eneo hilo ndizo alizozipeleka baadaye kwa wachapishaji na kuufanya muziki wa bluzi ujulikane nje ya kusini.

Ipo sababu nyingine, na waandishi wengi huiruka. Coahoma ilichunguzwa na kuandikwa kuliko kaunti jirani zake. Mwaka 1941 na 1942 Chuo Kikuu cha Fisk, ambacho ni cha watu weusi, kilishirikiana na Maktaba ya Bunge la Marekani kufanya utafiti wa nyimbo na maisha ya watu wa kaunti hiyo. Mtaalamu wa muziki wa Fisk, John Work, ndiye aliyekuwa na wazo la kazi hiyo tangu mwanzo; Alan Lomax wa Maktaba hiyo ya Bunge alitoka Washington na mashine ya kunasia sauti. Kwa miaka mingi sifa zote zilimwendea Lomax, huku ripoti za Work na wenzake zikisahaulika makabatini mpaka zilipochapishwa mwaka 2005. Tunalitaja hili kwa sababu, bila kazi hiyo, huenda Muddy Waters angebaki dereva wa trekta ambaye majirani walisema anajua gitaa.

Simulizi ya siku ile ya Agosti 1941 aliyorekodiwa Waters aliieleza mwenyewe. Alipoambiwa kwamba kuna mzungu anamtafuta, alidhani ni mtu wa serikali amekuja kumkamata kwa kuuza pombe ya magendo, kwa kuwa ni kweli alikuwa akiiuza. Akaenda kwa tahadhari. Mgeni huyo, yaani Lomax, akaomba maji, akayanywa katika kikombe kile kile alichokinywea Waters, jambo ambalo mzungu wa Mississippi wa wakati huo asingelifanya, na Waters akazidi kumshangaa kuliko kumwogopa. Mashine ilipomrudishia sauti yake mwenyewe pale kibarazani, ndipo aliposadiki kwamba anaweza kuimba. Baadaye aliletewa nakala mbili za santuri hiyo na hundi ya dola 20.

Swali: *Kama mahali hapo palikuwa na utajiri wa vipaji kiasi hicho, mbona karibu kila msanii wake husomwa pamoja na majina ya Chicago, Memphis au Detroit? Hawakupapenda kwao? (Msomaji, Nairobi)*

Jibu: Suala halikuwa kupenda. Muddy Waters aliondoka Mei 1943, alipanda treni pale Clarksdale akiwa na sanduku na gitaa, baada ya nyapara wa shamba kumkatalia nyongeza ndogo sana ya ujira wa kuendesha trekta. Njia ya reli ilielekea Memphis na kutoka hapo Chicago, ambako viwanda vya wakati wa vita vilikuwa vinatafuta watu. Son House aliondoka mwaka huo huo kwenda Rochester, katika jimbo la New York, akafanya kazi ya reli na kuliweka gitaa kando hadi vijana wapenzi wa bluzi walipomgundua upya mwaka 1964.

Mwaka mmoja baada ya wawili hao kuondoka, pamba yenyewe iliacha kuwahitaji watu. Tarehe 2 Oktoba 1944, katika shamba la Hopson, kilomita chache kusini mwa Clarksdale, umati ulikusanyika kutazama mashine nane nyekundu za kampuni ya International Harvester zikichuma pamba hadharani. Mchumaji hodari wa mikono aliweza kuchuma pauni 20 hivi za pamba kwa saa. Mashine moja ilichuma takriban pauni 1,000. Mwenye shamba alipiga hesabu akaona kwamba robota moja likichumwa kwa mashine linamgharimu dola 5.26, na likichumwa kwa mikono dola 39.41, na kwamba kila mashine inafanya kazi ya watu 50. Msomaji yeyote anayejua msimu wa pamba ataona mara moja hesabu hiyo ilimaanisha nini kwa familia ya kibandani. Wapo waliokwenda kwa hiari kutafuta maisha, na wapo walioambiwa tu kwamba mwakani hawatahitajika. Kaunti iliyokaribia watu 50,000 mwaka 1950 ilihesabiwa kuwa na watu wapatao 21,000 katika sensa ya mwaka 2020.

Kwa hiyo ni sahihi zaidi kusema kwamba Coahoma iliwakusanya watu kwa sababu ya pamba na ikawatawanya kwa sababu hiyo hiyo, nao wakaenda na nyimbo zao. Huko Chicago Waters alikuta kwamba gitaa la kibarazani halisikiki katika kelele za baa, akaliunganisha na umeme, na kutokana na uamuzi huo wa mtu aliyetaka kusikika tu, muziki wa mijini ulibadilika sura. Wimbo wake wa mwaka 1950 ndio uliowapa jina vijana wa Uingereza waliojiita Rolling Stones.

Ike Turner alichelewa kidogo kuondoka. Akiwa mvulana aliendesha lifti katika Hoteli ya Alcazar, akawa anajipenyeza kwenye studio za redio WROX hadi wakamfundisha kubadilisha santuri, na piano alifundishwa na Pinetop Perkins, ambaye baadaye alipiga katika bendi ya Muddy Waters. Machi 1951 yeye na wenzake walijipanga garini kwenda Memphis kurekodi kwa Sam Phillips, mwenye studio huko. Amplifaya yao iliharibika njiani, spika ikawa inakoroma. Badala ya kuitupa, waliisokomeza karatasi ndani na kuendelea, na mkoromo huo ukawa ndio utamu wa wimbo. Santuri hiyo, «Rocket 88», ilitolewa kwa jina la mpiga saksafoni Jackie Brenston, naye mtoto wa Clarksdale, ikashika nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa weusi, na hadi leo inatajwa na wengi miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za roki. Turner mwenyewe alinung'unika maisha yake yote kwamba jina lake halikuandikwa juu. Hatuwezi kumtaja bila kusema pia kwamba mkewe Tina Turner, mzaliwa wa Tennessee, alikuja kueleza hadharani vipigo vya miaka mingi alivyovipata mikononi mwake. Ubunifu wake haufuti jambo hilo.

Swali: *Ni kweli kwamba Robert Johnson aliuza roho yake kwa shetani katika njia panda ya Clarksdale? (Msomaji, Mombasa)*

Jibu: La. Johnson, mpiga gitaa wa bluzi, si hata mtu wa Coahoma: alizaliwa Hazlehurst, katika kaunti ya Copiah, mwaka 1911, na alifariki karibu na Greenwood mwaka 1938. Hadithi ya njia panda hapo mwanzo ilisimuliwa juu ya mwanamuziki mwingine, Tommy Johnson, na aliyeisimulia ni ndugu yake Tommy huyo. Clarksdale wamesimamisha nguzo yenye magitaa mahali zinapokutana barabara namba 61 na namba 49, watalii wanapiga picha, na wauza vinywaji wa jirani hawana sababu ya kuwakatisha tamaa.

Swali: *Nimefundishwa kwamba mwimbaji Bessie Smith alifia huko baada ya hospitali ya wazungu kumfungia mlango. Naomba uthibitisho. (Msomaji, Bujumbura)*

Jibu: Bessie Smith alikuwa mzaliwa wa Chattanooga, Tennessee, lakini ni kweli alifia Clarksdale, asubuhi ya tarehe 26 Septemba 1937, baada ya gari lake kugongana na lori katika barabara namba 61 usiku na mkono wake kukaribia kukatika. Habari ya kufungiwa mlango ilichapishwa katika jarida la muziki wiki chache baadaye, na mwandishi wake alikuwa ameitegemea minong'ono. Daktari mzungu aliyemkuta barabarani na kumpa huduma ya kwanza alieleza baadaye kwamba gari la wagonjwa lilimpeleka moja kwa moja hospitali ya weusi, G. T. Thomas. Hakukataliwa popote. Hata hivyo msomaji asidhani kwamba hapo ubaguzi umepata ahueni: katika Mississippi ya mwaka 1937 hakuna dereva ambaye angewaza kumpeleka mtu mweusi kwenye hospitali ya wazungu, kwa hiyo mlango haukuhitaji kufungwa. Jengo hilo la hospitali liligeuzwa hoteli mwaka 1944, likaitwa Riverside, na humo ndimo bendi ya Ike Turner ilimofanyia mazoezi.

Swali: *Nimesoma orodha za watu wa Coahoma nikaona ni waimbaji, waimbaji, waimbaji. Je, hakuna aliyefanya jambo jingine? Na wazungu wa huko wako wapi katika orodha hizo? (Msomaji, Mwanza)*

Jibu: Tuanze na sehemu ya pili kwa kuwa ni fupi. Mwimbaji wa muziki wa kantri Conway Twitty, jina lake halisi Harold Jenkins, alizaliwa mwaka 1933 katika kijiji cha Friars Point, kando ya mto, na jina lake la jukwaani alilipata kwa kuunganisha miji miwili, Conway wa Arkansas na Twitty wa Texas. Charley Conerly, aliyeongoza timu ya New York Giants kutwaa ubingwa wa mpira wa miguu wa Kimarekani mwaka 1956, ni mzaliwa wa Clarksdale. Mwandishi wa tamthilia Tennessee Williams alizaliwa mji mwingine wa Mississippi, lakini sehemu ya utoto wake aliipitisha Clarksdale kwa babu yake aliyekuwa kasisi wa kanisa la St. George, na majina ya watu na maziwa ya huko yamejaa katika kazi zake.

Sehemu ya kwanza ndiyo iliyotufanya tufurahie barua hii, kwa sababu mtu ambaye sisi tungemweka juu kabisa ya orodha hakuwa mwimbaji. Ni mfamasia. Aaron Henry alizaliwa mwaka 1922 katika familia ya wakulima wa kugawana mavuno, karibu na kijiji cha Dublin ndani ya Coahoma. Alitumikia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, akasomea ufamasia katika Chuo Kikuu cha Xavier, New Orleans, kwa msaada ambao serikali iliwapa askari waliorudi vitani, na mwaka 1950 akarejea Clarksdale na kufungua duka la dawa katika Barabara ya Nne. Uchaguzi wa kazi hiyo ulikuwa na faida ambayo mwalimu wa shule ya serikali au mchuma pamba hakuwa nayo: wateja wake walikuwa weusi, kwa hiyo hakuna mzungu aliyeweza kumwachisha kazi. Duka likawa mahali pa mikutano, na mwenyewe akaongoza tawi la chama cha kutetea haki cha NAACP, na kuanzia mwaka 1960 akawa mwenyekiti wake wa jimbo zima.

Mwishoni mwa mwaka 1961 wakuu wa mji walizikataza bendi za shule za weusi kushiriki gwaride la Krismasi katikati ya mji. Henry na wenzake waliwaambia watu kwamba, ikiwa hawaruhusiwi kupita mbele ya maduka hayo wakipiga tarumbeta, basi wasiyapitie na fedha zao pia. Mgomo wa kutonunua uliendelea kwa muda mrefu, viongozi wakakamatwa na kushtakiwa kwa kula njama za kuzuia biashara, na katika harakati za mwaka 1963 Henry alipokuwa mahabusu alipelekwa kufanya kazi kwenye gari la taka la mji, ili wateja wake wamwone. Walimwona, na heshima yake ikaongezeka. Mwaka huo huo nyumba yake ilitupiwa mabomu ya petroli usiku, na duka lake nalo likaharibiwa kwa mlipuko. Vera Mae Pigee, msusi mwenye saluni yake mjini hapo, alikuwa pamoja naye katika yote hayo. Wanawake waliokwenda kutengenezwa nywele walifundishwa papo hapo namna ya kujibu maswali ya hila waliyoulizwa weusi walipotaka kujiandikisha kupiga kura. Jina lake hukosekana katika orodha nyingi, na kwa maoni yetu ni kasoro kubwa kuliko kukosekana kwa mpiga gitaa yeyote.

Novemba 1963, kwa kuwa weusi wengi walizuiwa kujiandikisha, Henry aligombea ugavana katika uchaguzi wa mfano ulioendeshwa makanisani na madukani, na watu zaidi ya 80,000 wakapiga kura kuonyesha kwamba madai ya wazungu kuwa weusi hawataki siasa yalikuwa uongo. Mwaka uliofuata aliongoza ujumbe wa chama kipya cha Freedom Democratic kwenda Atlantic City kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, wakidai viti vilivyokaliwa na wajumbe wazungu watupu. Walipewa viti viwili tu, kimoja kikiwa chake. Yeye alikuwa tayari kuutazama mpango huo kwa jicho la mtu wa mapatano, lakini Fannie Lou Hamer, mchuma pamba kutoka kaunti jirani ya Sunflower, alisema hawakusafiri umbali wote huo kwa ajili ya viti viwili, na ujumbe ukamfuata Hamer. Miaka minne baadaye, mwaka 1968, kwenye mkutano uliofanyika Chicago, ujumbe mchanganyiko wa Mississippi ulioongozwa na Henry ulikubaliwa kukaa katika viti vyote vya jimbo.

Mkutano ulipokwisha alirudi Clarksdale, katika duka lile lile. Mwaka 1979 alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Mississippi, akahudumu humo hadi mwaka 1996, na alifariki mwaka 1997 katika mji huo huo wa Clarksdale.